Filamu moja imenikera, vitabu viwili vimenikesha

  Huku kwetu mvua inaanza kabla ya jogoo, njia ya kupandia kijijini imekuwa utelezi mtupu, na mlima haujaonekana kwa siku tisa. Nikitoka zamu na kukuta nguo hazijakauka na kuni zimelowa, sina la kufanya ila kukaa jikoni karibu na moto na kitabu mkononi. Kwa hiyo mwezi huu nina mengi ya kuwasimulia. Nimetazama filamu moja, nayo imenikera. Nimesoma kitabu kimoja kipya, nacho kimenifurahisha. Na kingine nilikisoma zamani nikiwa msichana nikakidharau. Safari hii nimekisoma upya na nimelia.

Niwakumbushe tu kwamba mimi si mwalimu wa fasihi. Ni muuguzi mwenye stashahada, mama mwenye familia, na mtumishi wa kujitolea katika kikundi cha akina mama cha usharika wetu. Maoni yangu nayatoa kama ninavyoyatoa tunapomenya ndizi za shughuli: kwa sauti, na nikiwa tayari kupingwa.

Mlima wetu bila watu wake

Kijana wa dada yangu aliniletea kwenye flashi filamu ya Marekani iitwayo The Snows of Kilimanjaro. Ni ya mwaka 1952, iliongozwa na Henry King, na waigizaji wakuu ni Gregory Peck, Susan Hayward na Ava Gardner. Nikawaita majirani, nikachemsha chai ya maziwa, tukabanana mbele ya kompyuta. Nani wa huku atakataa kutazama filamu yenye jina la mlima wake?

Filamu hiyo imetokana na hadithi fupi ya Ernest Hemingway iliyochapishwa mwaka 1936. Mwandishi mmoja aitwaye Harry amekuja kuwinda na mkewe. Amekwaruzwa na mwiba mguuni, hakupaka iodini, akadharau. Sasa amelala kitandani nyikani, nyama ya mguu inaoza, tai wanamzunguka, naye anakumbuka maisha aliyoyachezea na vitabu alivyoahirisha kuviandika.

Hadithi yenyewe niliisoma kwanza, tena niliipenda, kwani mimi wagonjwa wa namna hiyo ninao. Mzee anakata majani ya ng'ombe, anajichoma na kisiki, anapaka majivu, anafunga kitambaa. Wiki ya kwanza anasema ni kitu kidogo. Wiki ya pili anajificha ili mkewe asinuse. Wiki ya tatu wanamleta, na tukipima sukari tunakuta iko juu sana na hakujua. Mguu ule tungeuokoa kwa maji safi, sabuni na kuwahi. Hemingway alilijua jambo hilo, na si kwa kusimuliwa tu. Mwanzoni mwa mwaka 1934, akiwa katika safari ya kuwinda huku Tanganyika, aliugua kuhara kwa amiba hadi ikabidi achukuliwe kwa ndege akatibiwe.

Katika hadithi, Harry anakufa. Usiku wa mwisho anaota ndege imemfuata, inampeleka kwenye kilele cheupe cha Kibo, na usiku huohuo mkewe anamkuta amekwisha kukata roho. Ni mwisho mchungu, lakini ni wa kweli. Watengenezaji wa filamu hawakuutaka. Kwao, mke anakipasua kidonda usiku, kunapambazuka, ndege ya kweli inatua, na bwana mkubwa amepona! Majirani zangu walipiga makofi. Mimi nilikasirika. Nyama iliyooza haiponi kwa usiku mmoja ati kwa sababu mgonjwa ni mzuri wa sura. Na tukiwafundisha watu kwamba uzembe hauna malipo, tutaendelea kukata miguu.

Kuna jambo la pili lililonikera. Katika filamu nzima yenye jina la Kilimanjaro, sikuona mgomba wala mfereji, na sikuona mama mmoja aliyebeba mkungu. Waafrika wamo kwa ajili ya kubeba mizigo na kuleta vinywaji. Hemingway alifika Afrika Mashariki mwezi Desemba 1933, mwaka uleule ambao wakulima wa kahawa wa Kichaga waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Watu walikuwa wanaendesha mambo yao, wanasomesha watoto, wanajenga makanisa. Kamera haikuwaona.

Kitu kimoja kiliturudisha nyumbani. Hadithi inaanza na mzoga wa chui uliokauka na kuganda karibu na kilele. Chui huyo alikuwepo kweli. Mmisionari wa Kilutheri, Mchungaji Richard Reusch, aliyeupanda mlima huu mara nyingi, aliuona mzoga wake mwaka 1926, na kreta iliyo juu ya Kibo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Niliposimulia hayo, jirani yangu mmoja aliweka kikombe chini akauliza, "Sasa chui yumo, mbona mchungaji hayumo?" Sikuwa na jibu.

Ushauri wangu: isomeni hadithi mkiipata. Filamu mwaweza kuiacha.

Mtoto aliyewekwa rehani

Kitabu kilichonifurahisha ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja mwaka 1948, aliyekwenda Uingereza akiwa kijana na akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Ida Hadjivayanis akakitafsiri, na mwaka 2022 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakatuletea kwa Kiswahili. Niliogopa kwamba kitabu cha mshindi wa Nobel kitakuwa kigumu kama mfupa. La hasha. Nilianza kukisoma saa mbili usiku, na saa saba mume wangu aliniuliza kama nina zamu.

Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa bara. Mara kwa mara anakuja mgeni tajiri kutoka pwani, Ami Aziz, ambaye kila akiondoka humpa mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa ajiandae, atasafiri na Ami kwa garimoshi. Mtoto anafurahi, kwani ni mtoto gani asiyependa garimoshi? Hajui kwamba baba ana deni, na kwamba yeye mwenyewe ndiye rehani. Anakuja kuambiwa na Khalil, kijana anayeuza duka la Aziz, ambaye naye alifika pale kwa njia hiyohiyo: yule si ami yako.

Akina mama wenzangu, niliposoma maneno hayo nilifunga kitabu kwa muda. Ni mara ngapi tumemwona "shangazi" akipanda kijijini kutoka mjini, amevaa vizuri, ana mkate na sukari, akimtaka binti akakae naye "asome cherehani"? Wazazi wana shida, na pengine wana deni. Binti anafurahi kupanda basi. Mwaka mmoja baadaye anaamka saa kumi usiku, anafua nguo za watu saba, na cherehani hajawahi kuigusa. Mshahara wake, kama upo, anapewa mtu mwingine. Wapo pia tunaowapokea hapa Moshi kutoka mikoa mingine, tena sisi wenyewe tunaokaa viti vya mbele kanisani.

Katika safari zake Yusuf anaachwa kwa mfanyabiashara Hamid Suleiman na mkewe Maimuna, katika mji ulio chini ya mlima wenye theluji. Nani wa huku atashindwa kuutambua? Unapofika mwezi wa Ramadhani, wenyeji wake wanashtuka kugundua kwamba kijana mkubwa kama yule hajui kusoma Kurani. Tangu achukuliwe kwao hakuna aliyekumbuka kumfundisha. Anapelekwa kukaa chini pamoja na watoto wadogo, na aibu inamla. Ukurasa huo mchungaji angeweza kuusomea mimbarini, ingawa unahusu ndugu zetu Waislamu. Hebu tujiulize: binti anayebaki nyumbani na mtoto wako wakati wewe uko ibadani, yeye anaabudu saa ngapi? Yumo katika darasa la kipaimara? Nani ameandikisha jina lake?

Kama muuguzi, nilimfikiria sana pia mke wa Aziz, mama mwenye alama usoni, anayejificha ndani miaka na miaka na kuamini kwamba kijana Yusuf akimgusa na kumwombea atapona. Wapo watakaomcheka. Mimi simcheki. Nimewahi kumpokea mama aliyeficha uvimbe wa titi kwa mwaka mzima, akizunguka kwa waombeaji, kwa sababu aliona haya kuvua blauzi mbele ya daktari. Maombi ni mazuri, nami naomba na wagonjwa wangu. Lakini haya ikimfungia mtu ndani, ugonjwa unapata nafasi ya kukua.

Kasoro zipo. Safari ya msafara kwenda bara ni ndefu, majina ya wanaume ni mengi, nami nilirudi nyuma mara mbili kuangalia nani ni nani. Maneno mengine ni ya pwani sana, ikabidi nimpigie simu rafiki yangu wa Tanga. Na mwisho wake utawagombanisha. Sitausema. Mimi na dada yangu bado hatujakubaliana kama Yusuf alifanya vyema au vibaya, naye dada yangu ameninunia tangu Jumapili.

Rosa amenirudia

Sasa nakuja kwenye kitabu cha tatu. Hiki ni kigumu kwangu kukisema.

Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi kilitoka mwaka 1971. Mwandishi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akafundisha vyuo vikuu hapa nchini na Botswana, na akafariki mwezi Januari 2020. Hapo mwanzo kitabu kilipigwa marufuku shuleni, kikahesabiwa kuwa kinawaharibu vijana. Baadaye kikaruhusiwa, nacho kikawa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa sekondari. Nilikisoma nikiwa na miaka kumi na saba. Kinahusu Rosa, binti wa Ukerewe, ambaye baba yake Zakaria ni mlevi na mkali kupita kiasi. Anampiga vibaya kwa ajili ya barua ya mvulana. Mama yake, Regina, ni mwema, lakini sauti yake haifiki popote mbele ya mumewe. Rosa anakua akiogopa wanaume bila kufundishwa lolote juu yao. Anapokwenda shule ya bweni na kisha chuo cha ualimu Morogoro, mbali na fimbo ya baba, hana chochote ndani yake cha kumwongoza. Anapotea, anatoa mimba, na hata anapotaka kutengeneza maisha yake upya, yaliyopita yanamfuata. Mwisho anajitoa uhai.

Nilipokisoma usichanani nilisema, "Amejitakia." Ndivyo nilivyolelewa kusema.

Miaka michache baadaye nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, zamu ya usiku. Akaletwa binti wa sekondari, amefungwa khanga tatu, zote zimelowa damu. Alikuwa ametumia dawa za mtu fulani kijijini. Alikuwa na homa kali na tumbo gumu kama ubao. Wakati naandaa dripu nilimwambia, "Ulikuwa unafikiri nini, wewe mtoto?" Sikupaza sauti. Nilisema taratibu, kwa dharau, na nadhani hiyo ni mbaya zaidi. Hakunijibu. Aliniomba kitu kimoja tu, kwamba nisimwambie baba yake. Kabla ya mapambazuko alifariki. Neno la mwisho alilolisikia kutoka kwa mwanamke mwenzake lilikuwa lile langu.

Nimelisema jambo hili kwa Mungu mara nyingi. Kwa watu, ninyi wasomaji ni wa kwanza baada ya mume wangu.

Mwaka huu binti mmoja wa darasa la kipaimara aliniomba nimwazime kitabu hicho. Mama yake akanifuata baada ya ibada. "Mama Nesi, kitabu kile ni cha uhuni. Wewe ni mtumishi, utampaje mwanangu?" Nikamwomba anipe wiki moja, nikakisoma upya. Safari hii sikumwona Rosa peke yake. Nilimwona Zakaria akirudi na chupa, nikamwona Regina akinyamaza, na nikajiona mimi na dripu yangu. Kitabu chenyewe kinaliuliza swali hilo waziwazi, nani alaumiwe, binti au baba, wala hakimruhusu msomaji kukimbia.

Mama yule hakuwa mjinga. Kuna kurasa ambazo mimi mwenyewe nisingempa mtoto wa miaka kumi na mitatu akasome peke yake chini ya blanketi. Mwandishi anaeleza mambo ya wanaume na wanawake bila pazia, na kifo cha Rosa kinaweza kumwelemea kijana mwenye huzuni ambaye hana wa kuzungumza naye. Hilo nalisema kama muuguzi: ukimwona mtoto wako amejitenga, hali, halali, anazungumzia kufa, usimpe kitabu wala hotuba. Kaa naye, kisha mpeleke hospitali haraka.

Lakini kukificha kitabu hakujamwokoa binti yeyote niliyewahi kumpokea wodini. Kwa hiyo nilimwambia yule mama, "Tukisome pamoja, wewe, mimi na yeye." Alisitasita, akakubali. Tulikutana Jumamosi nne, nyumbani kwangu, baada ya wao kutoka Mbuyuni sokoni. Jumamosi ya pili walikuja mabinti wengine watatu na mama zao. Tuliwaalika akina baba. Akaja mmoja tu, akakaa karibu na mlango na kofia mkononi, asiseme kitu hadi mwisho. Alipoinuka kwenda alimwambia binti yake, "Ukipata barua, nionyeshe. Sitakupiga." Binti alicheka, kisha akafuta macho kwa pindo la gauni. Yule mama aliyenipinga bado anasema kitabu kina maneno mabaya. Sawa. Lakini sasa anamweleza mwanawe juu ya hedhi, juu ya mimba na juu ya wanaume waongo, jambo ambalo mama yake yeye hakulifanya, wala wangu.

Nalikumbusha pia jambo moja ambalo wazazi wengi bado hawalijui. Tangu mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliopata ujauzito wanaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Mimba si mwisho wa shule tena. Binti akilijua hilo mapema, na akajua kwamba nyumbani hatafukuzwa, huenda asiende gizani kwa mtu wa dawa. Mwambieni kabla hajahitaji kulisikia.

Neno la kumalizia

Mkinipa nafasi ya kuchagua kitabu kimoja cha kuweka nyumbani, nawaambia Peponi kwa ajili ya raha ya kusoma, na Rosa Mistika kwa ajili ya kazi tuliyo nayo. Peponi someni na kijana wenu aliyefika kidato cha tatu au cha nne. Rosa Mistika msimwachie mtoto peke yake. Someni naye, na mkifika penye kurasa ngumu msizirukie, zungumzeni.

Na kama nyumbani kwako yumo binti wa kazi anayejua kusoma, muulize leo jioni angependa kitabu gani. Niliyenaye mimi nilimuuliza wiki iliyopita, kwa aibu, kwani tumekaa naye miaka miwili na sikuwahi kumuuliza. Ameshika Peponi. Jana usiku nimekuta taa ya jikoni inawaka saa tano, yeye kaegemea mlango, na maharage yameungua. Sikusema kitu. Nilikaa naye tukakwangua sufuria, akanisimulia amefika wapi.

Niandikieni mnasoma nini huko mliko, hasa akina mama wa Rombo na Mwika mlioniahidi tangu mwaka jana. Mungu akipenda tutakutana tena mwezi ujao, na huenda mlima nao utakuwa umejitokeza.